Waya wa Banda la Kuku

Nianze na ujinga wangu, kabla jirani hajawahi kuusimulia kwa mdomo wake, maana yeye husimulia vizuri kuliko mimi. Niliweka waya wa banda la kuku kwenye fyuzi ya nyumba ya mama yangu. Si kwa kukosa elimu. Fizikia nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata alama ambayo haikunipeleka popote lakini pia haikunitia aibu. Kazi ya fyuzi naijua. Ukiniamsha usingizini nitakuambia kwamba ule waya mwembamba umewekwa pale ili uungue wenyewe, nyumba ipone. Na bado nilitoka nje na koleo, nikakata kipande cha urefu wa kidole kwenye wavu wa kuku, pale jogoo alipokuwa ameshaupinda, nikarudi ndani nikitembea kama mtu aliyevumbua kitu.

Niseme pia kwamba sikukiweka kwa mkono wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nyumba yetu iko upande wa Nyamira, kwenye mteremko wa chai, na imenizidi umri. Baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma, na alikuwa kati ya watu wa kwanza kwenye kilima hiki kuvuta stima. Alijivunia stima ile na hakumwamini mtu yeyote nayo. Fundi alipomuuliza ubao wa fyuzi uwekwe wapi, Baba alimwonyesha chumba chake cha kulala, juu ukutani, karibu na dari, watoto wasije wakaufikia. Hadi mwaka huu ulikuwa palepale: ubao wa mbao, vikombe vitatu vya kauri nyeupe vya kushikia fyuzi, na kando yake kisanduku cha chuma chenye swichi kubwa ya kuzima nyumba nzima. Naueleza kwa kumbukumbu. Mara ya mwisho kuuona nilikuwa na miaka tisa.

Kwetu, mvulana akishatahiriwa haingii tena chumba wanacholala wazazi wake. Ni sehemu ya chinsoni, ile heshima na haya iliyopo kati ya mzazi na mtoto, mkwe na mkwe. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Nilitoka jandoni nikaukuta mlango ule umekuwa ukuta. Sasa nina mvi kwenye kidevu, nina simu ya kupangusa kwa kidole, na bado nikipita pale koridoni macho yangu huangalia upande wa pili yenyewe. Mlango wenyewe huwa wazi mchana, una pazia tu la maua. Pazia lile ni zito kuliko geti la benki.

Baba alipokuwa hai alibadilisha fyuzi yeye. Alipofariki, Mama alichukua kazi hiyo. Alikuwa anapanda stuli yake ya kukamulia ng'ombe, tochi mdomoni, na stima inarudi kabla sijamaliza kulalamika. Halafu mapafu yake yakachoka. Hospitali ilituazima mashine ya oksijeni, kitu cha ukubwa wa kabati dogo chenye magurudumu, kinachovuta hewa ya nyumba na kuichuja, kisha kumpelekea Mama puani kwa mrija mrefu. Nilimsihi tuhamishie kitanda chake sebuleni. Akaniuliza kama yeye ni mgeni. Basi mashine ikaingia chumbani, ikawa inanguruma mle mchana na usiku, na mimi nikaizoea ile ngurumo mpaka nikawa siisikii. Nilikuwa nashtuka pale tu inapoacha kunguruma.

Nesi alitupa maonyo mawili. La kwanza, Mama asikae bila hewa hiyo, na stima ikipotea tufungue mtungi mdogo wa akiba. La pili, moto usikaribie mashine hata kidogo: si mshumaa, si jiko, si kiberiti, kwa sababu hewa ile huufanya moto mdogo kuwa mkubwa kabla hujageuka. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi wa mbele darasani.

Nieleze pia nafasi yangu katika nyumba hii. Mke wangu ana kazi ya ofisini Kisii mjini. Anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi nakaa. Nalisha kuku, nakamua, napika, napiga pasi, namsomea Mama Biblia nikiwa kwenye kiti koridoni, yeye akiwa ng'ambo ya pazia. Wapo wanaume wanaoumwa wasipotoka nyumbani. Mimi nikifika soko la Daraja Mbili kununua ndizi, saa moja haijaisha nimeshaanza kuwaza kama nilifunika sufuria.

Mtu wa kuingia kwa Mama bila swali alikuwa mmoja, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Waliolewa kwenye kilima hiki mwaka mmoja, wakawa wajane wakifuatana, na kila asubuhi alikuwa anapita kumwogesha Mama kabla ya kwenda kuchuma chai. Yeye ni Mkatoliki na sisi ni Wasabato, kwa hiyo wana miaka mingi wakibishana ni nani kati yao atamkuta mwenzake getini mbinguni akiomba kufunguliwa. Mimi namwita Omong'ina, kama tunavyomwita mama mzee wa heshima. Yeye huniita chochote kinachomjia.

Fyuzi ikiungua, tulikuwa na utaratibu. Namwita kwa kupiga kelele juu ya ua. Anakuja, anaingia chumbani, anapanda stuli, anazima swichi kubwa. Mimi nakaa koridoni na kumwelekeza. Anavuta kikombe kilichoungua, mkono wake unatokeza kwenye pazia, nakipokea, nafunga waya mpya, namrudishia. Alinipa cheo siku ya kwanza kabisa: injinia wa koridoni.

"Kile cha katikati, Omong'ina. Kivute kuja kwako."

"Kikinirusha?"

"Hakiwezi kukurusha. Umeshazima swichi kubwa."

"Ungekuwa na hakika ungekuwa hapa juu wewe."

Na Mama, kitandani, alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na mimi koridoni nacheka nikisikiliza ni kikohozi cha aina gani.

Wiki ninayoisimulia fyuzi iliungua Jumatatu, ikaungua Jumatano, ikaungua Alhamisi. Mlaji wa stima hakuwa Mama. Mashine yake haili sana. Mlaji nilikuwa mimi, na koili yangu ya kupikia, birika la stima alilolileta mke wangu, na pasi. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, na mimi si mtu wa kupuliza moto nikitoa machozi wakati kuna soketi ukutani. Alhamisi Omong'ina alikuja na kikapu cha majani mgongoni bado, gumboti zimejaa tope, na hakutania. Alisema majani yake yanasinyaa wakati yeye anapanda na kushuka stuli, na kwamba ana magoti mawili tu na yote mawili ni ya zamani.

Niliona aibu. Ningeweza kuacha birika. Hilo lilikuwa rahisi mno kwa kichwa kama changu. Nilimwambia asubiri kidogo, nikatoka kwenda kwenye banda la kuku.

Nilipompa kikombe kupitia pazia alikikawiza mkononi.

"Hii mbona nene?"

"Hiyo ni ya kudumu, Omong'ina. Hutapanda tena stuli hiyo mpaka Bwana arudi."

"Kama iko ya kudumu, hizi siku zingine zote ulikuwa unanipandisha ya nini?"

Nilimwambia nimeipata jana tu kutoka mjini. Uongo huo ulinitoka laini kama uji. Alikisukuma kikombe mahali pake, akawasha swichi, mashine ikanguruma. Alipopita koridoni nikamwambia asante, na nikampa ndizi za kwenda nazo.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Mtu asiye Msabato huenda asielewe Ijumaa ya kwetu. Jua likizama Sabato imeingia, na kazi zote lazima ziwe zimekwisha: chakula cha kesho kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vimesuguliwa, maji yamejaa. Mchana wa Ijumaa nyumba hukimbizana na jua. Mimi hupenda kukimbizana huko. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa na chinsaga kwenye koili, zile mboga chungu zinazotaka kuchemka polepole na maziwa. Birika linachemsha maji ya chai. Na pasi mkononi, nikinyoosha shati langu jeupe la mtumba ambalo mke wangu anadai lilikuwa la mhudumu wa hoteli. Vyote kwa pamoja. Fyuzi haikukatika. Nilianza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ya besi ambayo sina.

Mama aliniita kutoka chumbani. "Unachoma nini huko?"

Nikanusa. Kulikuwa na harufu, kweli, kama ya raba iliyosahauliwa karibu na jiko. Nikamjibu kwamba labda ni kola, pasi imeshika kola kidogo.

Akavuta pumzi mbili. "Si pasi. Iko huku."

Niliweka pasi chini. Nilipofika koridoni nilisikia mlio ambao sijausikia tena na sitaki: tstss, tstss, kama mafuta yakirushiwa tone la maji. Ulitoka ng'ambo ya pazia, juu. Halafu juu ya fimbo ya pazia ukatokeza moshi, mwembamba, mweusi, ukitambaa na dari kuja upande wangu.

Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Nilirudi mbio, nikachomoa pasi, nikachomoa koili, nikachomoa birika. Nikakimbia tena koridoni. Moshi ulikuwa umeongezeka. Waya za Baba, zenye raba iliyokauka miaka yote hiyo, zilikuwa zimeshashika joto na hazikuhitaji tena msaada wangu. Kilichobaki ni kuzima swichi kubwa, na swichi kubwa ilikuwa mle. Na mashine ya hewa ilikuwa mle, ikisukuma kile kitu nesi alichosema moto hukipenda. Na katikati ya hivyo viwili alilala Mama.

Nilitoka nje nikamwita Omong'ina juu ya ua. Nikaita tena. Nikapiga simu, nikaisikia ikilia ndani ya nyumba yake, kwenye kabati anakoiweka isinyeshewe. Ijumaa saa hizo watu wote wa kilima wako kwenye kituo cha kupimia majani. Nilipiga kelele nyingine, ya kuita mtu yeyote, nikarudi ndani.

"Mama, Omong'ina hayupo."

"Usiingie."

"Mama, kuna moshi."

"Nauona." Akavuta pumzi. "Usiingie. Nitazima."

Ndipo nikasikia stuli ikiburutwa sakafuni.

Nisikudanganye kwamba nilifikiri mambo makubwa. Nilifikiria magoti ya Mama. Mtu ambaye wiki hiyo hakuweza kusimama kunywa uji alikuwa anavuta stuli ya miguu mitatu apande kwenye moshi, ili mimi nisivuke pazia. Na nilimjua. Angepanda. Niliisikia stuli ikisimama, ikagonga ukuta.

Shati lilikuwa bado begani mwangu. Sikumbuki nimelichukua saa ngapi. Nikalifunga usoni, mikono yake nikaikaza kisogoni. Lilikuwa bado na joto la pasi. Bakora ya Baba hukaa kwenye msumari koridoni, yenye kichwa cha kupinda, nikaipapasa, nikaishika. Nikasema kwa sauti, "Mama, nimefunga macho. Niongoze." Nikalipita pazia.

Hakujibu. Niliwaza ameanguka. Kisha nikasikia pumzi yake upande wa kushoto, fupi, ikikwaruza, chini chini, na nikaelewa kwamba ameketi juu ya stuli na hajaweza kupanda.

"Mbele," akasema.

Nikaenda mbele. Goti langu likagonga chuma cha kitanda.

"Kulia." Pumzi. "Si huko. Kulia."

Moshi ulikuwa unaingia kwenye shati, na macho yangu yalikuwa yanalia nyuma ya kitambaa. Mtu niliyekuwa nimekaa koridoni miezi mingapi nikitoa amri za kushoto na kulia kwa mama wa watu, sasa nilikuwa kipofu mle mle, nikiamriwa.

"Juu. Juu tena." Akakohoa, na kile kikohozi hakikuisha haraka. Nikasimama na bakora hewani kama mtu anayeangusha parachichi. "Hapo. Vuta chini."

Kichwa cha bakora kiligonga chuma, kikateleza. Nikakirudisha. Kikashika. Nikavuta kwa uzito wangu wote na swichi ikashuka: tak.

Tstss ikakatika. Ngurumo ya mashine ikakatika. Na ile mashine, kama inavyofanya ikinyimwa stima, ikaanza kulia mlio mmoja mrefu.

"Toka," Mama akasema.

"Nikubebe."

"Toka. Nakuja mwenyewe."

Nilirudi kinyumenyume mpaka nikahisi pazia mgongoni. Koridoni nikalivua shati, nikakimbilia mtungi wa akiba sebuleni, nikauburuta mpaka kwenye kiti cha Baba, nikarudi kusimama mbele ya pazia. Ndani nilisikia nyayo. Moja. Kimya. Kikohozi. Nyingine. Mkono wangu nilikuwa nimeunyoosha mpaka karibu uguse maua ya kitambaa, na haukuvuka. Najua utasema nilikuwa nimeshavuka mara moja, mara ya pili ingekuwa nini. Sijui. Alisema nitoke. Kutoka pale kwenye stuli mpaka mlangoni ni hatua sita za mtu mzima, na nilizihesabu zote, na kati ya ya nne na ya tano palikuwa na nafasi ambayo niliahidi mambo mengi, mengine sijayatimiza.

Kisha vidole vyake vikatokea kwenye fremu ya mlango. Alipovuka pazia, na si kabla, akaushika mkono wangu, na uzito wake wote ukanijia. Haukuwa uzito mwingi.

Nilimkalisha, nikamvalisha mrija wa mtungi, nikafungua. Mshale wa mtungi ulikuwa ndani ya nyekundu. Nilipaswa kuupeleka Kisii ujazwe Jumanne. Jumanne kulikuwa na mvua, na mimi mvua na matope huwa naviangalia dirishani. Mama hakuuona mshale. Niligeuza mtungi ili asiuone.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau ilipokuja sauti mlangoni ikiuliza ni nani amekufa. Omong'ina alikuwa ameisikia kelele yangu ikipokezanwa mpaka kwenye kituo, akaacha majani yake kwenye foleni. Alimtazama Mama, akatazama mtungi, akazunguka akasoma mshale, kisha akanitazama mimi. Aliingia chumbani na blanketi lililoloweshwa, nikamsikia akilipiga kwenye ubao mpaka akaridhika, halafu akatoka akiisukuma mashine kwa magurudumu yake.

"Haina moto tena," alisema. "Na hii itakula nini?"

Nyumba yetu haikuwa na la kuilisha. Yake ilikuwa nalo. Omong'ina alivutiwa stima juzi juzi tu, taa mbili na soketi moja, na vile viswichi vidogo vya kisasa vinavyojizima vyenyewe kukiwa na kasoro. Nimewahi kuicheka soketi ile. Nilimwambia siku moja kwamba imekaa ukutani kama pua.

Ekstensheni ndefu ilikuwa kwangu, chini ya kitanda, ile ya kanisa tunayoitumia kwenye makambi kuvuta stima ya vipaza sauti. Mimi ndiye mtunzaji wake, kwa kuwa huwa sisafiri. Nilikimbia nayo mpaka kwa Omong'ina, nikaichomeka, nikarudi nikiifungua kupitia katikati ya michai. Waya ulikuwa unanasa kwenye kila shina. Nikiuvuta unakaza, nikirudi kuunasua nasikia Omong'ina ndani akimwambia Mama apumue kupitia pua, pua, si mdomo. Nilianguka mara moja, nikatambaa hatua mbili tatu kabla ya kukumbuka kusimama. Jua lilikuwa limeshagusa vilima vya upande wa Kisii.

Ekstensheni iliishia kwenye kizingiti. Haikuingia ndani hata unyayo mmoja. Tukaileta mashine mlangoni, tukavuta mrija wote kupitia sebule, ukafika kwenye kiti ukiwa umenyooka kama kamba ya nguo. Niliinama kutazama mtungi. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Omong'ina akabadilisha mrija puani mwa Mama, mimi nikachomeka.

Mashine ilifikiri kwanza. Kisha ikanguruma.

Mimi nilikaa chini sakafuni. Rangi ya midomo ilirudi polepole, kama chai inavyokolea, na nilikuwa sijui kwamba nazitazama pumzi za Mama moja moja mpaka nilipojikuta nazivuta naye. Mke wangu alipiga simu kusema amefika stendi. Nikamwambia aje na fundi, na asiniulize.

Ndipo Omong'ina akarudi chumbani na tochi. Alitoka na kikombe cha katikati, akakiweka kwenye meza mbele ya Mama. Kauri ilikuwa imepasuka na kuwa nyeusi. Raba ya waya za nyumba ilikuwa imeyeyuka na kuganda kando kama nta. Lakini kile kipande cha kati, kile cha banda la kuku, kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa na masizi tu. Nilimwahidi kitu cha kudumu, na kilidumu.

Mama alikigusa kwa kucha. "Hii ni nini?"

Ningeweza kusema ni ya mjini. Omong'ina alikuwa amesimama pale pale, ameshaambiwa hivyo mara moja. Nikawaeleza: banda, koleo, pale jogoo alipopinda. Nikaeleza na birika. Nikaeleza na mtungi na mvua ya Jumanne, maana nilikuwa nimeshafungua mdomo na mengine yalifuata.

Mama alisikiliza macho yakiwa kwenye shati langu, lililokuwa limetupwa kwenye mkono wa kiti, mikono yake bado na fundo.

"Mle ndani uliona nini?"

"Sikuona kitu, Mama."

"Hata kitanda?"

"Kitanda nilikigonga. Sikukiona."

Akavuta hewa, akaitoa. Alisema Jumapili fundi auondoe ubao ule chumbani mwake, auweke koridoni, mahali ambapo kila mtu ataufikia na hakuna atakayelazimika kuongozwa. Kisha akasema jua limezama, na chinsaga kama haijaiva basi tutaila hivyo hivyo. Hakutaja tena kuingia kwangu, siku ile wala baadaye. Sijui kama alinisamehe au aliamua halikutokea. Sijamuuliza, hayo nayo yako nyuma ya pazia.

Omong'ina hakuwa amekaa. Alikuwa amekichukua kile kipande cha waya, anakizungusha kati ya vidole, vile vile vidole vilivyokisukuma mahali pake Alhamisi nikamwambia asante. Alikiangalia, akaviangalia vidole. Nilitegemea utani, na ningeushukuru. Alikirudisha mezani, akafunga leso yake vizuri, akairuka ekstensheni mlangoni kwa gumboti zake zote mbili, na akiwa nje tayari akanigeukia.

"Siku nyingine ukitaka kumuua mama yako," alisema, "panda stuli mwenyewe."